Maandishi ya Pembeni

Zamani, tena si zamani sana, ukitaka kujua kama mke wa fundi feni amerudi kutoka kazini hukuwa na haja ya kubisha hodi. Ungesikia tu. Binti yake alikuwa akimdaka mlangoni kabla hajavua viatu na kuanza kummwagia habari za siku nzima bila kituo: mwalimu wa hesabu kavaa soksi za rangi mbili, paka wa jirani kazaa watano na mmoja hana mkia, na yeye akiwa mkubwa hatakubali kuishi na mtu anayekoroma. Walimpa jina la Chiriku akiwa na miaka minne, na jina likamganda. Baba yake alipokuwa akijaribu feni alizozitengeneza barazani, Chiriku alisogeza mdomo karibu na mapanga yanayozunguka na kuongea humo, ili sauti yake itoke vipande vipande. Wateja walicheka. Baba alijitia ukali. "Toa pua hapo! Ikikatika hiyo, miwani utakuja kuvalia wapi?"

Mwaka alipotimiza kumi na tano, nyumba ilinyamaza. Hakuna aliyeweza kutaja siku, kwa sababu hakukutokea kitu. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyefukuzwa shule, hakuna aliyempiga mtu. Chiriku alianza tu kurudi na kupita moja kwa moja chumbani, akajilaza na sare yake ya shule, uso ukutani. Mama alikuja kusimama mlangoni, mkoba bado uko begani.

"Umeshindaje, mwanangu?"

"Salama."

"Shule?"

"Nzuri."

"Umekula?"

"Nimekula."

Sahani ilikuwa mezani imefunikwa, na chakula kilikuwa vilevile kilivyopakuliwa. Mama alikiona. Alikirudisha jikoni bila neno, kwa kuwa mtoto amejibu vizuri na kwa adabu, na yeye mwenyewe alikuwa hoi.

"Hivi huyu mtoto ana nini?" alimuuliza mumewe barazani.

"Anakua."

"Kukua gani kwa kulala?"

"Wewe ulipokuwa na umri wake ulikuwaje?"

"Nilikuwa nabeba maji asubuhi na jioni."

"Basi hukupata nafasi ya kununa. Mwache mwenzako anune kwa niaba yako."

Walicheka, na kicheko kikalipitisha jambo. Mambo mengi yalipita hivyo katika nyumba ile, na ilikuwa nyumba nzuri, ya watu wasiogombana.

*

Mama alikuwa karani wa kibarua katika jengo la nyuma la hospitali. Siku hizo kazi ilikuwa bado ya karatasi. Daktari mmoja wa afya ya akili, mwanamke mwenye sauti ya chini, alikuwa anajaribisha dodoso la maswali kumi na nane la kuwatambua vijana wenye huzuni na hofu iliyopita kiasi kabla hawajaharibikiwa. Dodoso lilitoka ng'ambo, likatafsiriwa, likapitiwa na wataalamu, na sasa lilipelekwa mashuleni ili ionekane kama linawafaa watoto wa hapa. Watoto walijaza bila majina, kila karatasi na namba yake, na waliahidiwa kwamba mzazi hataiona wala mwalimu. Kisha maboksi yaliletwa hospitali, na makarani sita wakahamishia majibu kwenye kompyuta.

Ukiitazama kwa nje ilikuwa kazi ya heshima. Ndani, mikoba ilikaguliwa mlangoni, simu zilifungiwa kwenye droo, na anayetaka kwenda msalani alimwomba ruhusa msimamizi, kijana ambaye mama angeweza kumzaa. Msimamizi alimpenda mama kwa sababu ya vidole vyake. "Mashine yetu," alimwita mbele ya wageni, na mama akaona aibu na fahari kwa pamoja.

Kanuni ilikuwa moja: ingiza kisanduku chenye tiki, basi. Lakini watoto wengine waliandika maneno pembeni mwa karatasi, na wiki ya kwanza makarani walikuwa wakisimama kuyasoma na kazi inazorota. Mama ndiye aliyepata dawa. Alikata kipande cha kadi chenye upana wa ukingo wa karatasi, akakilaza juu ya yale maandishi, jicho likabakiwa na visanduku tu. "Pembeni si kwetu," aliwaambia wenzake. Msimamizi alifurahi hata akamkatia kila karani kadi yake.

Aliyekataa kufunika kwa kadi ni mmoja tu, mzee waliyemwita Mzee Posta, mstaafu wa posta aliyeandika kwa kidole kimoja. Aliipokea kwa shukrani na kuitumia kama kialamisho cha kitabu alichokisoma wakati wa chakula cha mchana.

Ilipofika zamu ya shule ya Chiriku, mama alimwita binti yake jikoni jioni iliyotangulia.

"Kesho wanakuja watu wetu na fomu. Haina jina, usiogope. Ila ujibu vizuri, usije ukaniaibisha."

"Ndiyo, mama."

Alimaanisha mwandiko. Alimaanisha pia adabu, maana yeye alikuwa mtu wa adabu, na aliyemlea alimlea hivyo.

*

Kila fomu iliingizwa mara mbili, na watu wawili tofauti, kisha kompyuta ikalinganisha. Wiki tatu baadaye msimamizi aliingia na orodha mkononi na uso umekunjamana.

"Fomu sitini na mbili hazilingani. Na zote, kila moja, upande mmoja ni wa Mzee Posta. Mzee, mtoto ameweka tiki 'hapana kabisa', wewe umeingiza 'haijulikani'. Kwani huoni?"

"Naona. Ndiyo maana sijui."

Makarani waliangua kicheko, na mama akiwemo.

"Ameweka tiki hapana," mzee aliendelea taratibu, "halafu pembeni ameandika ila. Sasa mimi nifuate lipi?"

"Fuata tiki!"

"Kijana wangu, nimekaa dirishani posta miaka thelathini na moja. Wasiojua kuandika nilikuwa nawaandikia barua. Zote zilianza namna moja: mimi huku ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe. Mpaka ukurasa wa pili ndipo mtu anakwambia mume kakimbia, au mtoto hatoki kitandani. Sikuona hata mmoja aliyenunua stempu ili aseme ni mzima."

"Hapa si posta, mzee. Hapa ni sayansi."

Walicheka tena. Mzee Posta alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaendelea kuifuta ilhali ilishatakata. Msimamizi alimgeukia mama na kumwekea rundo la karatasi mezani. "Mashine yetu, pitia karatasi zenyewe moja moja. Sahihisha makosa ya mzee."

Basi mama akalazimika kuiondoa kadi.

Karatasi ya kwanza, mtoto ameulizwa kama anajiona hana thamani. Hapana kabisa. Pembeni, kwa wino wa bluu: *Nashukuru sijambo, ila nikiingia darasani naona bora ningekuwa kiti.* Ya pili: *Niko vizuri, ila moyo unaenda mbio hata nikiwa nimekaa.* Ya tano: *Usingizi mzuri ila sijalala tangu tufungue shule.* Mama aliacha kuandika. Lugha hiyo aliijua, ni yake. Mtu wa kwetu akiulizwa habari, hata kama nyumba imeungua asubuhi hiyo, ataanza na nzuri, na moto utakuja baadaye. Anayeuliza anajua, kwa hiyo husubiri. Dodoso halikusubiri. Lilikuwa na visanduku vinne, halafu swali linalofuata.

Aliendelea kusoma. Ya arobaini na kitu ilikuwa safi kuliko zote, mistari imenyooka, tiki zote kumi na nane ziko kwenye hapana kabisa. Chini ya swali la mwisho maandishi madogo yalipanda ukingoni kwa sababu nafasi ilikwisha.

*Sijambo na nyumbani wote wazima. Ila zamani nilikuwa naongea kwenye feni za baba, siku hizi hata sauti yangu naichukia. Kila nikilala naomba asubuhi isije. Samahani kwa kuchafua karatasi.*

Aliisoma mara tatu. Kisha akatazama orodha, mahali palipoandikwa nani ameingiza nini. Karani wa pili: Mzee Posta, haijulikani. Karani wa kwanza: namba yake yeye. Jumla ya alama, sifuri. Hana tatizo. Aliikumbuka hata siku yenyewe, kwa kuwa siku hiyo alivunja rekodi ya chumba, na msimamizi aliwaambia wote wampigie makofi.

Mama aliinuka na karatasi mkononi, jambo lililokatazwa, akatoka bila kuomba ruhusa, jambo lililokatazwa vilevile. Alijichukia kwa namna ambayo hakuwahi kumchukia mtu.

*

"Hii ni ya mwanangu," alisema akiwa bado mlangoni mwa daktari.

Daktari aliweka kalamu chini. "Karatasi hazina majina, mama."

"Ya huyu haihitaji jina. Soma."

Daktari alisoma. Alipomaliza akasema kwa sauti yake ya chini, "Uliapa kutofuatilia fomu ya mtu yeyote."

"Niliapa. Kibarua kikiota nyasi, kiote."

"Si kibarua ninachokifikiria. Niliwaahidi watoto wale kwamba mzazi hatasoma."

"Basi nani alisoma, daktari? Mwalimu hakusoma. Wewe hukusoma. Mimi niliziba kwa kadi. Hakuna aliyesoma. Tuliingiza tu."

Daktari aligeuza uso dirishani. Mezani kwake ilikuwepo ripoti iliyoanza kuandikwa, na ukurasa wa kwanza ulisema kwamba vijana wa eneo hili wana afya njema ya akili kuliko ilivyotarajiwa. Kwa miezi miwili ilikuwa inamkosesha raha na hakujua kwa nini.

"Wako wangapi wa hivi?"

"Kwenye rundo hili sitini na mbili. Hizo ni zile tu zilizopitia kwa mzee. Zilizopita kwa sisi wawili wawili wenye kadi, hakuna ajuaye."

"Lakini maswali yalipitiwa na wataalamu. Kiswahili chake ni kizuri."

"Kizuri sana. Habari za kazi, daktari?"

"Nzuri," daktari alijibu kabla hajafikiri.

Wakatazamana. Daktari alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akaikunja ile ripoti mara mbili na kuisukuma pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alizaliwa hapahapa, na mama yake mzazi alikuwa akimsimamisha mlangoni mpaka ajibu nzuri ndipo aruhusiwe kulia. Alikuwa amesahau, kama tunavyosahau mengi tukishasoma sana.

"Sikiliza," alisema, sasa kwa haraka. "Huyu hatusubiri tume wala kikao. Mlete kesho asubuhi. Leo usimwache peke yake, na muulize waziwazi kama anataka kufa. Usizunguke. Kumuuliza hakutampa wazo hilo."

"Nimwambie kwamba nimesoma?"

Daktari alifikiri. "Mimi nimeshamvunjia ahadi moja. Usimwongezee uongo juu yake."

Mchana ule kadi zote zilikusanywa. Maboksi yaliyokwisha kazi yalirudishwa mezani, na Mzee Posta akapewa kiti cha mbele awaonyeshe wengine jinsi ya kusoma karatasi mpaka ukingoni. Msimamizi alileta chai mwenyewe na kumwekea mzee ya kwanza. Hakuomba radhi, ila alikijaza kikombe mno, chai ikamwagika kwenye kisahani, na mzee akanywa hata ile ya kwenye kisahani ili kijana asiaibike.

*

Jua lilikuwa bado lipo mama alipofika nyumbani. Mumewe alikuwa barazani na bisibisi mdomoni. Mama alimwashiria aache kazi, na fundi alipoona uso wake akaiacha. Waliingia wote wawili chumbani kwa Chiriku, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya kwa pamoja tangu alipougua surua akiwa na miaka sita. Wakati ule alikuwa akiwatungia nyimbo kitandani, mwili mzima una vipele.

"Umeshindaje?" mama alianza, kwa mazoea, na papo hapo akajuta.

"Salama."

Mama aliketi kitandani. "Nimesoma fomu yako."

Chiriku alikaa wima ghafla. "Walisema hakuna atakayesoma!"

"Walisema. Mimi nimesoma."

"Wewe ndiye kabisa niliyekuwa sitaki asome!"

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe ukijua, itakuwa kweli." Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kutotumika. "Nimekuambia nzuri kila siku ili uendelee kuamini nzuri. Ilikuwa inanichosha, lakini angalau mmoja humu ndani alikuwa anaamini."

"Subiri, kuna kingine," mama alisema, na hapa machozi yakamtoka. "Leo ni mara ya pili fomu hiyo kupita mikononi mwangu. Mara ya kwanza nilifunika ulichoandika, nikaweka sifuri. Nilikupita, mwanangu. Nikapigiwa na makofi."

Chiriku alimtazama mama yake. Hakuwa amewahi kumwona akilia kwa ajili ya kazi.

"Nani amekufanya hivi?" baba aliuliza. "Mtaje. Ni mwalimu?"

"Hakuna, baba."

"Mvulana?"

"Hakuna mtu. Ningekuwa na mtu wa kumtaja ningeshamtaja siku nyingi."

Fundi alisimama katikati ya chumba, mikono inaning'inia. "Mimi feni ikinyamaza naifungua," alisema. "Hapa nashika wapi?" Akaketi sakafuni, mgongo kwenye kabati, na kubaki hapo.

Mama alifuta uso. Maneno aliyotumwa kuyasema alikuwa ameyarudiarudia njia nzima.

"Unataka kufa, Chiriku?"

Baba aliinua kichwa, akataka kumkemea mkewe, akajizuia. Chiriku hakushtuka kama walivyoogopa. Alichezea uzi wa shuka, na wao wakasubiri. Walisubiri kuliko walivyowahi kumsubiri mtu amalize jibu.

"Sitaki kufa," alisema mwishowe. "Nataka kesho isimame kidogo. Hata wiki moja. Kila siku inakuja kabla sijamaliza kuichoka ya jana." Kisha, kwa sauti ndogo: "Lakini kuna siku naona ni kitu kimoja. Siku hizo naogopa."

"Leo ni siku hizo?"

"Leo hapana. Jumatatu ilikuwa."

Jumatatu mama alikuwa amerudi na samaki, wakacheka mezani, yeye na mumewe. Alikumbuka na kuuma mdomo.

"Walioandika pembeni ni mimi peke yangu?" Chiriku aliuliza.

"Mpaka naondoka tulikuwa tumefika mia moja na themanini na tatu. Maboksi mengine hayajafunguliwa."

"Mia moja na..." Alishusha miguu kitandani. "Na darasani kwetu?"

"Hilo siwezi kukwambia. Kiapo changu kwa wengine bado kipo."

"Lakini wapo?"

Chiriku alimsoma mama yake usoni. Alianza kupita darasa lake kichwani, dawati kwa dawati: yule anayewachekesha wote, yule anayepata alama za juu, yule anayegawa chakula chake kila siku na kusema ameshiba. Alilia kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, na haikuwa kwa ajili yake peke yake.

"Kesho daktari anakusubiri," mama alisema. "Utakwenda?"

"Wewe usiingie."

"Siingii."

"Na yeye asikwambie nitakachosema."

"Hataniambia, isipokuwa ukiwa hatarini. Hilo lazima ulijue mapema."

Chiriku alilipima. "Sawa. Na njiani usiniulize kitu."

"Siulizi."

"Na usiniangalie hivyo."

"Hilo," mama alisema, "nitajitahidi."

*

Asubuhi walikwenda watatu. Baba aliacha feni zake barazani siku ya kazi, akawasindikiza mpaka lango la hospitali, akaambiwa na binti yake arudi, akabaki ng'ambo ya barabara akijifanya anasoma bei za kioski.

Daktari alifungua mlango mwenyewe. Chiriku aliingia, mlango ukafungwa, na mama akakaa kwenye benchi la mbao lililokuwa pembeni ya mlango ule. Mikono yake haikuwa na kazi. Alisoma tangazo la kunawa mikono mpaka akalimaliza, akalianza tena. Ndani palikuwa kimya. Daktari aliuliza jambo, kimya kikarudi, kirefu mno hata mama akajiinamia akidhani mtoto amegoma.

Kisha sauti ilianza. Ilikuwa ya chini, ya kujikongoja, ikakatika, ikaanza tena, na daktari hakuikatiza. Ilikwenda dakika tano, ikaenda kumi. Mama aliitambua. Aliikumbuka ikimpokea mlangoni na habari za paka na soksi, naye akijibu "ehe, ehe" huku akivua viatu, akitamani binti anyamaze kidogo apumzike. Alitamani arudi pale, hata jioni moja, avue viatu polepole zaidi.

Ubao wa mlango ulikuwa mwembamba. Kadiri Chiriku alivyozidi kuongea, ndivyo maneno yalivyoanza kupenya. Mama alisikia "jikoni". Alisikia "mama", na baada yake nusu ya neno jingine. Hakukuwa na kitu duniani alichotaka kukijua kuliko nusu iliyobaki.

Aliinuka, akachukua mkoba wake, akatembea mpaka mwisho wa ukumbi, kwenye benchi la dirisha la dawa, akakaa huko. Pale sauti bado ilimfikia. Maneno hayakumfikia.